John Enders: baba wa chanjo ya surua na somo alilowaachia watoto wenye kansa ya damu

Chanjo ya surua, ugonjwa ambao wengi mashariki mwa Congo wanauita rougeole, imeokoa mamilioni ya watoto duniani. Lakini Mmarekani aliyeongoza kazi ya kuitengeneza, John Franklin Enders, alikuwa pia kati ya watu wa kwanza kuonyesha kwamba haifai kwa kila mtoto. Kwa mtoto anayeugua kansa ya damu, chanjo hiyo inaweza kuleta ugonjwa wenyewe.

Enders alizaliwa tarehe 10 Februari 1897 huko West Hartford, katika jimbo la Connecticut. Baba yake alikuwa mtu wa benki, na familia haikukosa kitu. Mwaka 1917 aliacha masomo yake Yale kwa sababu ya Vita Kuu ya Kwanza, akawa mwalimu wa marubani. Vita vilipoisha alijaribu biashara ya nyumba, akaiacha, kisha akaenda Harvard kusomea fasihi. Huko, rafiki aliyekuwa akikaa naye nyumba moja ndiye aliyemfikisha kwenye maabara ya profesa Hans Zinsser. Enders aliachana na fasihi, na mwaka 1930, akiwa na miaka 33, akapata shahada ya juu katika elimu ya vijidudu.

Mwaka 1949, mjini Boston, yeye na wenzake Thomas Weller na Frederick Robbins walifaulu kukuza virusi vya polio katika seli zisizo za mishipa ya fahamu. Kazi hiyo ilifungua njia ya chanjo ya polio, na wote watatu wakapewa tuzo ya Nobel mwaka 1954.

Mwaka huohuo surua ililipuka katika shule moja karibu na Boston. Daktari kijana wa kikosi chake, Thomas Peebles, alikwenda kuchukua damu za wanafunzi. Virusi vilipatikana kwa mmoja wao, David Edmonston, na mpaka leo vinaitwa kwa jina lake. Kwa miaka kadhaa vilipitishwa katika seli za binadamu, kisha katika seli za kuku, hadi vikapoteza makali. Chanjo hiyo basi ni virusi hai vilivyodhoofishwa. Mwili wenye afya hujifunza kupambana navyo bila kuugua sana.

Kazi ikiwa bado inaendelea, mwaka 1959, Enders na wenzake walitangaza jambo lililowashangaza madaktari. Walikuwa wamechunguza mapafu ya watoto waliokufa kwa nimonia isiyo ya kawaida, akiwemo mwenye kansa ya damu. Watoto hao hawakuwa na vipele, lakini mapafuni mwao mlikuwa na virusi vya surua. Vipele ni alama kwamba kinga ya mwili inapigana. Pale ambapo kinga imevunjika, virusi vinaenea kimyakimya.

Mwaka 1961 chanjo ilijaribiwa Afrika, katika Upper Volta, ambayo leo ni Burkina Faso. Lakini mwaka 1962 kikosi cha Enders kilichapisha matokeo mengine, ya watoto wenye kansa ya damu waliochanjwa. Virusi vile dhaifu vilikuwa bado na nguvu ya kuleta nimonia ileile na kuua. Habari hiyo ilitolewa wazi kabla chanjo haijaruhusiwa nchini Marekani mwaka 1963.

Tangu hapo kanuni imebaki ileile: mgonjwa anayetibiwa kansa ya damu hapewi chanjo yenye virusi hai hadi matibabu yaishe na daktari aone kinga imerudi. Chanjo zisizo na virusi hai hazina hatari hiyo, lakini mara nyingi zinamkinga kidogo kuliko mtu mwenye afya, kwa kuwa kansa na dawa zake hushambulia chembe nyeupe za damu zinazotengeneza kinga.

Ulinzi wa mtoto huyo dhidi ya surua basi unategemea ndugu, majirani na wanafunzi wenzake. Mgonjwa mmoja wa surua anaweza kuambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga, na ndiyo sababu watu 95 kwa 100 wanapaswa kuwa wamechanjwa ili ugonjwa usipate njia.

Congo imeona kinachotokea kiwango hicho kisipofikiwa. Mlipuko uliomalizika mwaka 2020 uliua watu zaidi ya 7.000, wengi wao watoto wenye umri chini ya miaka 5.

Enders alifariki tarehe 8 Septemba 1985 huko Waterford, Connecticut, akiwa na miaka 88. Chanjo nyingi za surua zinazotolewa leo duniani bado zinatokana na virusi alivyovidhoofisha. Mzazi anayempeleka mtoto wake mwenye afya kwenye kituo cha afya anamkinga pia mtoto mwingine, yule ambaye sindano hiyo hairuhusiwi kwake.