Baba Aliyeandika Barua Zaidi ya 400

Mzazi aweza kumshauri mtoto wake miaka mingi na bado asijue mtoto huyo anaishi na nani. Hayo ndiyo yaliyompata Philip Dormer Stanhope, yule Lord Chesterfield wa Uingereza, aliyezaliwa London mwaka 1694.

Alikuwa balozi huko Uholanzi tangu 1728 hadi 1732, kisha mtawala wa Ireland kwa niaba ya mfalme, na mwishowe waziri hadi 1748. Akiwa Uholanzi alizaa mtoto wa kiume, Philip, na mwanamke ambaye hakumwoa. Mwaka 1733 alimwoa Melusina von der Schulenburg, binti wa Mfalme George wa Kwanza aliyezaliwa nje ya ndoa. Hawakujaliwa watoto.

Chesterfield hakumtupa Philip. Alimtafutia walimu, akamtembeza Ulaya, akamwandikia barua zaidi ya 400. Alimfundisha lugha, historia, namna ya kuketi mezani na ya kuwapendeza wakubwa. Alitaka kijana awe balozi mashuhuri. Lakini Philip alikuwa mtu wa haya, na hakupanda sana.

Mwaka 1768 Philip alifariki Ufaransa, akiwa na miaka 36. Ndipo baba, mzee kiziwi wa miaka 74, alipopata kujua kwamba mwanawe alikuwa na mke, Eugenia, na watoto wawili wa kiume. Barua zilikuwa zikienda na kurudi, wala neno hilo kubwa halikutajwa hata mara moja.

Mzee hakuwafukuza wajukuu. Aliwasomesha, akawaachia urithi. Mama yao hakumwachia kitu. Chesterfield alipofariki mwaka 1773, mjane huyo aliziuza zile barua kwa mchapishaji kwa pauni 1,575, na mwaka 1774 siri za baba na mwana zikawa kitabu cha kila mtu.

Wazazi, kumshauri mtoto ni wajibu wenu. Lakini mtoto anayesikia tu jinsi anavyotakiwa kuwa, atawaonyesha hayo tu, na mengine atayaficha. Na mkwe asiyepokelewa hubaki mgeni hata kaburini.

Leo jioni ulizaneni: Je, mtoto wetu akituletea habari tusiyoitaka, atatukuta tukiwa tayari kumsikiliza? Ni nani kati yetu anayemwogopa zaidi, na kwa nini?