Bibi Mary Sumner na Umoja wa Kina Mama

Wako miongoni mwetu wanaodhani kwamba kazi ya kikundi cha kina mama ni kupika chai siku ya sikukuu tu. Basi na tuyatazame maisha ya Bibi Mary Sumner, aliyeanzisha Umoja wa Kina Mama katika Kanisa la Anglikana.

Alizaliwa Uingereza tarehe 31 Desemba 1828, karibu na mji wa Manchester. Mwaka 1848 aliolewa na George Sumner, na mwaka 1851 wakahamia Old Alresford, kijiji ambacho mumewe alikuwa kasisi wake. Walijaliwa watoto watatu.

Mwaka 1876 binti yake Margaret alijifungua. Bibi Mary akakumbuka jinsi yeye mwenyewe alivyoelemewa na mzigo wa ulezi alipopata mtoto wa kwanza. Akawaita kina mama wa kijiji nyumbani kwake, wenye mali na maskini pamoja, jambo lisilo la kawaida siku zile. Lakini siku hiyo hofu ilimshika, akashindwa kusema, akawaomba warudi juma lililofuata. Walirudi, naye akasema nao.

Kwa miaka tisa kazi hiyo ilikuwa ndogo. Kisha mwaka 1885, kwenye mkutano wa Kanisa mjini Portsmouth, Askofu Ernest Wilberforce alimwachia nafasi yake ahutubie wanawake. Wengi waliomsikia walikwenda kuanzisha vikundi makwao, na Dayosisi ya Winchester ikaupokea Umoja huo. Bibi Mary alifariki tarehe 11 Agosti 1921, akiwa na miaka 92. Leo Umoja una wanachama katika nchi zaidi ya 80, zikiwamo nchi zetu za Afrika Mashariki.

Sisi tuliofundisha miaka mingi twaijua faida yake. Mtoto akiacha kuja shule kwa sababu mama yake ni mgonjwa, mara nyingi kina mama wa jirani ndio hujua kwanza. Hufika na unga na kuni, huteka maji, humfulia mgonjwa, wala hawadai malipo.

Basi kikundi cha mtaa wetu kikiwa na watu watano tu, tusikidharau. Tukichangie kadiri tuwezavyo, na binti zetu tuwahimize wajiunge. Na dada anayeona haya kusema mbele ya watu asikate tamaa. Arudi juma lijalo.