Isadora Duncan: Mchezaji Msafiri na Shule Alizoziacha Nyuma

Miongoni mwa maswali yanayotushughulisha sisi tunaowaandaa walimu wa sanaa na michezo ni hili: je, ajuaye kutenda ndiye ajuaye kufundisha? Mara kadhaa tumemwalika fundi wa ngoma chuoni, akacheza mbele ya wanachuo mpaka ukumbi ukarindima kwa makofi. Kisha saa ya somo ikaisha, wanachuo wakatoka wameburudika sana, lakini hakuna aliyejua aanze na mguu upi. Kwa sababu hiyo tumeona inafaa kusimulia hapa maisha ya mwanamke mmoja wa Marekani ambaye swali hilo lilimwandama tangu utotoni mpaka kaburini. Kwa muda wa zaidi ya robo karne alisafiri nchi kwa nchi akicheza, na karibu kila alikokaa kwa muda alitaka kujenga shule.

Isadora Duncan alizaliwa katika mji wa San Francisco mwaka 1877, kitinda mimba katika watoto wanne. Baba yake alikuwa mwenye benki, na benki hiyo ilianguka mwaka uleule aliozaliwa binti huyu. Wazazi wakaachana. Mama akahamia Oakland, akawa anafundisha piano ili apate riziki, na jioni akirudi huwapigia wanawe muziki wa watunzi wakubwa wa Ulaya. Isadora aliiacha shule akiwa na umri wa miaka kama 10, kwa kuwa mafunzo ya siku zile, ya kukaa kimya na kukariri, yalimchosha. Elimu yake akaitafuta katika maktaba ya Oakland, ambayo mkutubi wake alikuwa mshairi Ina Coolbrith. Wakati huohuo yeye na dada yake Elizabeth walikuwa wakiwakusanya watoto wa majirani na kuwafundisha kucheza kwa malipo kidogo. Jambo hili aghalabu husahauliwa na wanaomsifu: alianza kuwa mwalimu kabla hajakanyaga jukwaa kubwa lolote.

Mwaka 1895 alikwenda Chicago kutafuta kazi, kisha New York, akaajiriwa katika kundi la maigizo la Augustin Daly. Hakudumu humo. Alirudia kufundisha watoto pamoja na dada yake katika hoteli ya Windsor mjini New York, na mwezi Machi 1899 hoteli hiyo ikateketea kwa moto. Jamaa hii haikuwa na kitu tena cha kuwazuia. Wakakusanya nauli, wakapanda meli ya kuchukulia ng'ombe, wakavuka bahari hadi Uingereza.

Mjini London alishinda siku nyingi katika Jumba la Makumbusho akitazama mitungi ya kale ya Wayunani na sanamu za watu wakimbiao na wachezao. Mwaka 1900 akahamia Paris. Huko, kwa kadiri alivyoeleza baadaye, alikuwa akisimama peke yake kwa saa nyingi akiwa ameweka mikono yake miwili juu ya chembe cha moyo, akitafuta mahali mwendo wa mwili unapoanzia. Alikata shauri kwamba unaanzia hapo hapo, mahali pumzi inapoinuka, wala si katika uti wa mgongo kama walivyofundisha walimu wa bale. Tusiipuuze tofauti hii tukidhani ni ya maneno tu. Mchezaji wa bale wa zama hizo alifungwa kiuno kwa nguo ya kubana na vidole vya miguu vikatiwa katika viatu vigumu, naye hufundishwa kiungo kimoja kimoja. Isadora alicheza miguu mitupu, amevaa kanzu fupi nyepesi, nyuma yake yakining'inia mapazia ya buluu bila ya pambo lolote, na muziki alioucheza ulikuwa wa Chopin, wa Gluck na wa Beethoven, ambao mwingi wake haukutungwa kwa ajili ya jukwaa la dansi.

Mwaka 1902 alicheza Budapest kwa majuma kadhaa, na tangu hapo jina lake likaenea katika Ujerumani na Austria. Mwaka 1903 alitoa mhadhara mjini Berlin juu ya dansi ya siku zijazo, akaeleza kwamba nia yake ni kuanzisha shule ya watoto. Mwaka huohuo akaenda Ugiriki na ndugu zake, wakanunua kilima karibu na Athens ili wajenge hekalu, na kazi ikiwa imekwisha kuanza ndipo wakagundua kwamba kilima kile hakina maji. Alikusanya wavulana 10 wa Kiyunani wawe waimbaji wa tamthilia za kale, akafuatana nao Vienna, Munich na Berlin. Haukupita muda mrefu sauti zao zikaanza kuvunjika, kama sauti za wavulana wote, wakarudishwa kwao. Mwalimu asomaye habari hii hana budi kucheka kidogo, maana ni kosa ambalo mwenye kukaa na watoto angeliliona mapema.

Desemba 1904 shule yenyewe ilifunguliwa Grunewald, pembezoni mwa Berlin. Isadora alinunua nyumba, akaitia vitanda vidogo na nakala za sanamu za kale ili watoto wakae wakiyaona maumbo mazuri kila waamkapo, akapokea watoto kama 20, wengi wao kutoka katika jamaa zisizo na uwezo. Hawakulipa ada, chakula wala mavazi. Gharama yote ilitoka katika mapato ya maonyesho yake. Siku ilianza kwa mazoezi ya viungo, kwa kuwa aliamini kwamba mwili sharti uwe imara na mwepesi kwanza ndipo uweze kusema. Baadaye yalifuata masomo ya kawaida, muziki, na dansi yenyewe, iliyojengwa juu ya mambo ambayo kila mtoto anayo: kutembea, kukimbia, kurukaruka. Watoto walipelekwa kutazama miti ikiyumba na mawingu yakipita, kisha wakaulizwa miili yao ingefanyaje.

Lakini ni nani aliyewafundisha? Hapa ndipo penye kiini cha habari. Ili shule iishi, Isadora alilazimika kusafiri. Na kadiri alivyosafiri, ndivyo shule ilivyomkosa. Mwishoni mwa mwaka 1904, shule ikiwa changa kabisa, yeye alikuwa Urusi akicheza St. Petersburg, ambako msanii wa bale Fokine alimtazama kwa makini, na Stanislavsky, bwana wa tamthilia wa Moscow, akamwona mwaka uliofuata na kumstaajabia. Safari hizo zilibadili sanaa ya Ulaya, hatulikani hilo. Lakini watoto wa Grunewald walibaki na Elizabeth, ambaye alichechemea mguu na kwa hiyo hakuwa mtu wa jukwaani. Ndiye aliyewaamsha, aliyewasahihisha, aliyewarudisha mwanzo walipokosea.

Mmoja wa watoto hao, Irma, aliyejiunga mwaka 1905, aliandika kumbukumbu zake katika miaka ya 1960. Kwa maelezo yake, Isadora alikuja kwa nadra, na alipokuja alicheza mbele yao kwa uzuri usio kifani, akawataka nao wafanye vivyo hivyo. Walipotaka kujua jinsi ya kufanya, hakuwa na subira ya kuikata hatua vipande vipande. Sisi hatumlaumu upesi. Mtu aliyefika mahali kwa njia yake mwenyewe, usiku, peke yake, si rahisi kwake kumchorea mwingine ramani. Na kumwona tu hakukuwa bure: watoto walipata picha ya mahali wanapokwenda, jambo ambalo Elizabeth peke yake asingeweza kuwapa. Walimwonea shauku, na shauku hiyo ndiyo iliyowafanya wastahimili mazoezi ya dada yake.

Watoto nao wakaingizwa katika safari. Mwaka 1905 walionekana hadharani mjini Berlin, na mwaka 1908 walicheza St. Petersburg na London. Hata hivyo fedha hazikutosha, na mwaka huohuo 1908 shule ya Grunewald ikafungwa. Elizabeth alichukua baadhi ya wanafunzi na mwaka 1911 akaanzisha shule yake Darmstadt. Isadora akaenda Marekani kucheza pamoja na okestra ya Walter Damrosch.

Tarehe 19 Aprili 1913 wanawe wawili, Deirdre na Patrick, walikufa maji mjini Paris pamoja na yaya wao, gari walilokuwamo lilipotumbukia katika mto Seine. Hatutasema mengi juu ya hilo. Mwaka uliofuata alijaribu tena. Paris Singer, aliyekuwa baba yake Patrick, alimpa jengo kubwa la hoteli huko Bellevue, karibu na Paris, na safari hii wale wasichana wakubwa wa Grunewald walikuwa tayari kuwafundisha watoto wapya. Mchongaji Rodin, aliyekaa jirani, alikuwa akija kuwachora. Agosti 1914 vita vikazuka. Mtoto aliyemzaa mwezi huo hakuishi, na nyumba ya Bellevue akaitoa iwe hospitali ya majeruhi.

Mwaka 1916 alisafiri hadi Argentina, Uruguay na Brazili. Wanafunzi wake sita wakubwa, Anna, Irma, Lisa, Theresa, Erica na Margot, walikuwa Marekani, nao wakachukua jina la Duncan kuwa lao. Walitaka kucheza peke yao mbele ya watu. Yeye alipinga, na ugomvi ukawa mkali. Aliyehubiri uhuru wa mwili wa mtoto aliona vigumu kuwaacha huru watu wazima aliowalea.

Tena kuna jambo ambalo msomaji wa Kiafrika hapaswi kufichwa. Katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 1927, Isadora aliandika kwa dharau juu ya muziki wa jazi na juu ya dansi zenye asili ya Kiafrika, akiziona kuwa ni mitukutiko ya mwili isiyo na roho. Aliyesafiri nchi nyingi hivyo hakuwahi kukaa chini mbele ya ngoma zetu akajifunza. Kama angalifanya hivyo angaliona watoto wanaocheza miguu mitupu, juu ya ardhi, kwa mwendo uanziao katika pumzi, pasipo kumhitaji mtu awarudishe kwenye mitungi ya Wayunani. Twamsoma kwa faida, lakini twamsoma macho yakiwa wazi.

Mwaka 1921 serikali mpya ya Urusi, kwa njia ya Lunacharsky aliyesimamia elimu, ilimwalika Moscow. Alifika mwezi Julai, na katika wale sita ni Irma peke yake aliyekubali kumfuata. Alikuwa ameota shule ya watoto 1,000. Alipewa jumba katika mtaa wa Prechistenka, na mnamo Desemba shule ikaanza na watoto kama 40. Kuni zilikuwa haba na chakula kidogo. Haukupita muda serikali ikabadili siasa yake ya uchumi, na msaada kwa shule ukapungua. Jawabu la Isadora lilikuwa lilelile la siku zote: safari. Mei 1922 aliolewa na mshairi Esenin, wakaenda Ulaya na Marekani. Huko Marekani walizuiwa bandarini wakahojiwa, magazeti yakawaandama, na mwaka 1923 alirejea Moscow bila ya fedha alizozitumainia. Ndoa ikavunjika. Mwaka 1924 alikwenda Ukraine na Asia ya Kati, hadi Samarkand na Tashkent, akicheza katika joto na taabu, mara nyingine mapato yasitoshe hata malipo ya hoteli.

Wakati yeye yuko njiani, Irma na wanafunzi wa Prechistenka walikuwa uwanjani. Kiangazi hicho watoto wale waliokwisha kufundishwa waliwekwa kuwa walimu wa watoto wa wafanyakazi wa Moscow, mamia kwa mamia, katika hewa safi. Isadora aliporudi alikuta kundi kubwa la watoto waliovaa kanzu fupi nyekundu wakimchezea chini ya roshani yake. Karibu wote hakuwafahamu. Walikuwa wakitembea, wakikimbia na kurukaruka kama alivyowaza yeye miaka 20 nyuma, nao walikuwa wamefundishwa na wanafunzi wa mwanafunzi wa dada yake. Furaha yake ilikuwa kubwa. Katika majuma yaliyofuata aliwatungia dansi kwa nyimbo zao wenyewe za mapinduzi, na wanaojua kazi yake husema kwamba humo alifundisha vizuri kuliko wakati wowote. Mwezi Septemba akaondoka tena, na Urusi hakurudi.

Alikufa mjini Nice tarehe 14 Septemba 1927, mtandio wake mrefu uliponasa katika gurudumu la gari alilokuwa amepanda.

Shule ya Moscow iliendelea hadi mwaka 1949. Irma aliisimamia mpaka alipowapeleka wanafunzi Marekani kwa maonyesho mnamo 1928. Wao waliitwa kurudi, yeye akabaki huko. Mwaka 1937 alichapa kitabu cha mazoezi ya mwalimu wake, ambacho mwalimu mwenyewe hakuwahi kukiandika. Humo kila zoezi limepangwa kwa hatua, kutoka jepesi hadi gumu, na somo la kwanza ni la kutembea.