Mutara Rudahigwa, Mwami wa intore

Kwetu Rwanda mwanaume kujipamba na kucheza si jambo la kuonea haya. Zamani vikundi vya intore vilishindana mbele ya Mwami kwa hatua, kwa mavazi na kwa majigambo. Mutara wa Tatu Rudahigwa alikulia katika mambo hayo.

Alizaliwa Machi 1911. Baba yake, Yuhi wa Tano Musinga, aliondolewa na Wabelgiji Novemba 1931, akahamishiwa Kamembe na baadaye Kongo, alikofia mwaka 1944. Kijana akatawazwa siku chache baada ya baba kuondolewa. Ufalme alioupokea ulikwisha punguzwa: umuganura, sherehe ya mavuno, ilipigwa marufuku mwaka 1925, na jeshi la Mwami halikuwapo tena. Intore waliachwa, nadhani kwa kuwa mgeni aliona mchezo tu.

Kumbe itorero lilikuwa shule ya askari. Mkuki na ngao vilitoka vitani. Wakati wa Rudahigwa vikawa vya kupokelea magavana, na mwaka 1950 wachezaji wetu wakaonekana hata katika filamu ya Marekani, King Solomon's Mines.

Naye mwenyewe alijua kuvaa. Mtu mrefu sana, leo yumo katika taji la shanga na manyoya meupe, kesho katika suti ya Kizungu. Alibatizwa mwaka 1943. Waliomdhania pambo la Wabelgiji walikosea, kwani mwaka 1954 alifuta ubuhake, na miaka yake ya mwisho alidai uhuru. Tarehe 25 Julai 1959 alifariki ghafla Usumbura, Bujumbura ya leo, bila mtoto. Novemba ile nyumba zilichomwa, na wengi wakakimbia nchi, wakiwamo babu zetu.

Sisi tuliosomea ukimbizini Tanzania tulicheza intore tukiwa na katani ya magunia kichwani badala ya umugara, na vizibo vya soda miguuni badala ya njuga. Mzee aliyetufundisha alimtoa nje kila aliyecheka baada ya kukosea hatua. Niliona ni ukali wa bure.

Miaka mingi baadaye niliwapeleka wanafunzi wangu wa Kigali kwenye makumbusho ya Rukari, Nyanza, alikoishi Rudahigwa. Vijana walipomaliza kucheza, mwanafunzi mmoja akaniuliza ngao ndogo vile ingezuiaje mkuki. Nikamjibu kwamba hizo ni za kuchezea.