Mama Charity Adams na barua za watu waliohama

Sisi tuliorudi tunajua ubaya wa barua kupotea. Mtu ametoka kambini, amefika kijijini, kiisha anakimbia tena. Ndugu yake anaandika kwa pahali pa zamani, hapati jibu, anaanza kulia msiba. Ndiyo maana mara hii tumemchagua Charity Adams, Mmarekani mweusi, afisa wa jeshi.

Alizaliwa mwaka 1918, akakulia Columbia, South Carolina. Alikuwa mwalimu wa hesabu, na mwaka 1942 akaingia jeshini. Mapema 1945, akiwa na cheo cha meja, aliongoza kikosi cha posta huko Birmingham, Uingereza: wanawake weusi 855. Walikuta barua na vifurushi vimejaa mpaka juu ya dari, vingine vya miaka miwili. Moto wa kuota hakuna, madirisha yamezibwa juu ya ndege za adui, na keki walizopikiwa askari, kumbe, zilikuwa chakula cha panya.

Askari walihama kila siku kufuata vita, na wenye jina moja walikuwa wengi sana. Robert Smith peke yake, zaidi ya 7,000! Mama Adams akapanga zamu tatu, usiku na mchana. Walishika fishi karibu milioni 7: kila askari na namba yake, akihama wanabadilisha fishi. Zamu moja ilipitisha barua 65,000 hivi. Za waliokufa zilirudishwa kwa aliyetuma, na kwetu hiyo ndiyo kazi nzito kupita zote. Walipewa miezi 6, wakamaliza kwa 3.

Siku moja jenerali alikuja kukagua, akakasirika kuona wengine wamelala. Walikuwa wa zamu ya usiku! Akasema ataleta luteni mzungu amfundishe meja kazi. Mama Adams akajibu mbele ya wote kwamba labda yeye afe kwanza. Jenerali akatafuta kumpeleka kortini. Naye mama akaanza kutayarisha mashtaka yake juu ya ubaguzi. Jenerali akaacha.

Kutoka hapo walipelekwa Rouen, Ufaransa. Aliacha jeshi mwaka 1946 akiwa luteni kanali, akafariki 2002. Mwaka 2023 kambi kubwa ya Virginia ilipewa jina lake pamoja na la Jenerali Gregg. Mwaka 2025 wakaliondoa.

Tena, wanachama muliohama: mupeleke anwani mpya kwa katibu. Fishi zetu nyingi ni za zamani.