Aitken, mwanahisabati aliyetuliza namba zinazoyumba

Msikilizaji wa Kamuli aliyefika Murongo ameuona Mto Kagera, ambao maji yake yanazungusha mitambo ya umeme ya Kikagati. Maji yakisukuma lango la chuma la bwawa, chuma hupinda kidogo. Kikipinda, njia ya maji hubadilika na msukumo nao hubadilika. Mhandisi anayetaka kujua lango litatulia wapi hukokotoa maji kwenye kompyuta, kisha chuma, kisha anarudi kwenye maji. Mara nyingi majibu hayo hukataa kukutana, hasa chuma kikiwa chepesi. Dawa mojawapo ilitoka kwa Alexander Craig Aitken.

Aitken alizaliwa Dunedin, New Zealand, tarehe 1 Aprili 1895. Vita Kuu ya Kwanza ilimkuta chuoni, akaingia jeshini mwaka 1915. Alipigana Gallipoli, Uturuki, kisha Somme, Ufaransa, alikojeruhiwa mwaka 1916. Daftari la kikosi chake lilipopotea, alitaja kwa kichwa majina na namba za askari wenzake. Kumbukumbu hiyo ilikuwa mzigo pia, kwani aliyoyaona vitani hayakumtoka, na huzuni ilimrudia maisha yake yote.

Mwaka 1923 alikwenda Edinburgh, Uskoti, kusoma kwa Profesa Whittaker. Mwaka 1926 alichapisha kanuni yake. Tuseme kompyuta inasema lango limepinda milimita 5, ikirudia inasema 8, kisha 2, kisha 14. Kila mruko ni mara mbili ya uliotangulia, tena unaelekea upande wa pili. Ukiendelea hivyo hufiki. Kanuni ya Aitken huchukua majibu matatu ya kwanza, hupima jinsi miruko inavyokua, na kuonyesha pa kutulia: milimita 6. Kutoka 5, kompyuta iliruka hatua 3 wakati ilihitaji 1 tu.

Aitken alipata uprofesa mwaka 1946, akafariki tarehe 3 Novemba 1967. Mwaka 1969, Irons na Tuck waliandika namna ya kuitumia kanuni hiyo kwenye kompyuta. Leo inawasaidia wahandisi kila maji na kitu kinachopinda vinapokokotolewa pamoja, hata kwa damu ndani ya mshipa. Kwa hiyo hesabu ya namna hii ikianza kuyumba, usikimbilie kompyuta kubwa zaidi. Kwanza punguza hatua, halafu acha miruko iliyopita ikuonyeshe upunguze kwa kiasi gani.