Lord Rayleigh na Wimbi Lisilozama

Wengi wetu, kama tumesikia habari za Lord Rayleigh, twamjua kwa kueleza kwa nini anga ni ya samawati. Mimi nina kisa chake kingine, ambacho kilinitia aibu mbele ya darasa zima.

Jina lake hasa ni John William Strutt, mtoto wa kabaila, aliyezaliwa Essex, Uingereza, mwaka 1842. Alikuwa mgonjwa mgonjwa tangu utotoni. Shule alizianza akaziacha. Hata hivyo, mwaka 1865 aliongoza wote katika mtihani wa hisabati pale Cambridge. Mwaka 1872 homa ya baridi yabisi ikamlaza vibaya, akapelekwa Misri apate joto, na humo chomboni kwenye Mto Nile akaanza kuandika kitabu kikubwa kuhusu sauti. Mgonjwa gani huyo, jamani! Mwaka uliofuata babake akafa, naye akarithi cheo na mashamba ya Terling. Baadaye mashamba alimwachia nduguye ayasimamie, yeye akashika maabara yake ya nyumbani.

Mwaka 1885 alionyesha kwa hesabu tupu kwamba kitu kigumu chaweza kubeba wimbi linalotambaa juu juu tu bila kuzama ndani. Alikisia kwamba wimbi hilo lina kazi kubwa katika mitetemeko ya ardhi, na ikawa kweli. Gesi ya agoni, iliyomletea Tuzo ya Nobel mwaka 1904, nairuka. Alifariki mwaka 1919.

Mwaka 1965 White na Voltmer wa Marekani waliweka vitana vidogo vya metali juu ya fuwele ya kwatsi, wakapitisha umeme, na wimbi la Rayleigh likazuka. Leo vifaa vya namna hiyo hubandikwa kwenye ekseli ya mashine kupima inavyonyongwa. Hapo ndipo nilipojikwaa.

Nilichora mistari juu ya mpira wa baiskeli, nikauvuta, mistari ikaachana. Basi nikatangaza kwamba meno ya vitana nayo huachana hivyo: kifaa kinachotetemeka mara milioni 433 kwa sekunde, kikivutwa sehemu 1 katika 1,000, kitapungukiwa na mitetemo kama 433,000. Kwisha! Mwalimu wetu wa fizikia akaniuliza kama wimbi lenyewe litakimbia kwa kasi ile ile. Nikabaki kimya.

Kumbe fuwele iliyovutwa si ile ya mwanzo. Ugumu wake hubadilika, na kasi ya wimbi vilevile, tena kwa kutegemea fuwele ilikatwa upande gani. Rayleigh alipiga hesabu ya kitu ambacho hakijavutwa, chenye tabia moja pande zote. Wataalamu wa vifaa hivi huanza na milinganyo yake, kisha huongeza hayo mawili. Joto nalo hujitia humo, ndiyo maana kwenye ekseli huwekwa viwili, kimoja kivutwe na kingine kibanwe, halafu hutafutwa tofauti yao.

Hesabu yangu nimeirudia. Mwalimu bado hajaisahihisha.